Dawa ya Kupe na Fahali wa Mella: Kweli ni Ipi?

Mella, upande wa Tororo, hatua chache kutoka mpaka wa Kenya, hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya kuhasi. Mashamba hulimwa kwa maksai, na kila maksai anayevuta plau alikuwa dume aliyeangushwa chini, akafungwa miguu, akabanwa mishipa ya pumbu kwa koleo la burdizo. Madume wengi huishia hapo. Wanaoachwa wawe mafahali ni wachache, na hao ndio hupanda majike ya kijiji kizima yanapochungwa pamoja kwenye vinamasi. Fahali mmoja akiacha kuzalisha, hasara inaingia kwenye maboma mengi, na mara nyingi anayelaumiwa kwanza ni jike.

Ndiyo sababu neno likizuka kwamba dawa ya kunyunyizia mifugo “inaua nguvu za dume”, watu husikiliza. Limesemwa Tororo, limesemwa ng’ambo kwa Wateso wa Kenya, limesemwa Busia zote mbili. Si neno la kupuuzwa, kwa sababu ndani yake mna ukweli. Ila ukweli huo umechanganywa na mambo mengine, na mchanganyiko huo unaweza kumgharimu mfugaji kuliko dawa yenyewe. Hebu tuyapime madai haya.

“Fahali akinyunyiziwa dawa ya kupe na mbung’o, hatazalisha tena.”
SI KWELI, ikiwa dawa ni ya mifugo na imechanganywa kama lebo inavyosema.

Hofu hii ina asili yake, na asili hiyo iko hapa hapa. Nchi hii ni nchi ya mbung’o. Tororo ndiko ilikokuwa EATRO, taasisi ya Afrika Mashariki ya kutafiti nagana ya mifugo na malale ya watu, na miaka ya 1980 malale yaliyokuwa yakiwaua watu Busoga yalifika hadi wilaya hii. Ng’ombe wa kienyeji hubeba vimelea vya malale ya binadamu bila kuonyesha dalili kubwa, kwa hiyo kumlinda ng’ombe ni kumlinda mtu. Baada ya majosho mengi kufa, kazi ilibaki kwa bomba la mgongoni na dawa za jamii ya deltametrini na sipametrini.

Kisha ukaja utaratibu mpya. Watafiti walishagundua kwamba mbung’o hatui popote tu. Hutua zaidi miguuni na chini ya tumbo, na huwaendea zaidi ng’ombe wakubwa. Basi badala ya kumlowesha mnyama mzima, unanyunyizia miguu, tumbo, na masikio kwa ajili ya kupe. Dawa inapungua sana, na gharama pia. Mbawakawa wanaofukia kinyesi malishoni nao hupata nafuu, maana dawa ikiwa nyingi mwilini hudondokea kwenye kinyesi na kuwaua. Vijiji 20 vya Tororo viliwahi kushiriki jaribio la njia hii: ng’ombe walitibiwa kwanza, halafu vijiji vingine vikanyunyizia robo ya ng’ombe wao, vingine nusu, vingine robo tatu, ili ijulikane kiasi gani kinatosha. Hata robo ilionyesha faida dhidi ya vimelea vya jamii ya malale.

Sasa fikiria mtu aliyesimama pembeni akitazama. Anayenyunyizia anainama, anaelekeza mrija kati ya miguu ya nyuma ya fahali, na dawa inatua pale pale ambapo burdizo ilimbana ndugu yake mwaka jana. Miezi michache baadaye majike hayajashika mimba. Mtu ataunganisha mambo mawili hayo, na si kwa ujinga. Aliyeelekeza kazi hiyo alipaswa kueleza, na mara nyingi hakueleza.

Maelezo yenyewe ni haya. Deltametrini na sipametrini zilitengenezwa kwa kuiga sumu iliyo kwenye ua la pareto, lile lile ambalo Kenya iliwahi kuongoza duniani kwa kulikuza. Aliyefanya kazi hiyo miaka ya 1970 ni Michael Elliott na wenzake katika kituo cha Rothamsted, Uingereza. Dawa hizi hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Mnyama mwenye damu ya moto ana kinga tatu: mishipa yake haishikwi kwa wepesi, ini lake huivunja dawa haraka, na ngozi yake hupitisha kiasi kidogo tu. Samaki na nyuki hawana bahati hiyo, na ndiyo maana kusuuza bomba mtoni ni kosa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Huko Marekani, ambako wafugaji walikuwa na wasiwasi huu huu, mafahali wa nyama waliopakwa dawa za jamii hii kwa kipimo cha lebo walichunguzwa shahawa, na kasoro iliyotarajiwa haikuonekana.

Lakini kuna upande wa pili wa habari, nao usifichwe. Panya dume waliopewa sipametrini kwenye maji ya kunywa kwa wiki 12, katika utafiti uliofanywa Jordan, walipungukiwa mbegu, na panya majike waliopandwa nao hawakushika mimba kama kawaida. Kuinywa kila siku kwa miezi mitatu si sawa na kupakwa ngozini mara moja kwa mwezi. Hata hivyo utafiti huo unatuambia mpaka uko wapi: dawa hii inaweza kudhuru korodani, ikiingia mwilini kwa wingi na kwa muda mrefu. Anayezidisha kipimo mara mbili “ili kupe wafe vizuri”, akarudia kila wiki, na fahali akajiramba, anausogelea mpaka huo mwenyewe.

“Basi salama ni kuacha kunyunyizia fahali kabisa.”
SI KWELI. Hapa ndipo hofu inapoharibu mambo.

Nagana yenyewe huharibu korodani. Watafiti wa Zaria, kaskazini mwa Nigeria, waliwaambukiza mafahali wa zebu vimelea viwili vya nagana, *Trypanosoma vivax* na *Trypanosoma congolense*, wakawafuatilia. Shahawa ziliharibika vibaya, na walipopasua korodani wakakuta vile vijirija vinavyotengeneza mbegu vimechakaa. Hao ni ng’ombe wenye nundu kama wetu, na vimelea ni hivi hivi vya Tororo na Busia.

Sababu mojawapo ni homa. Korodani ya fahali haikuwekwa nje kwa bahati mbaya. Inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi kadhaa chini ya joto la mwili, la sivyo mbegu hazikamiliki. Mnyama mwenye homa ya nagana inayopanda na kushuka, au mwenye ndigana kali iliyoletwa na kupe, korodani zake zinapikwa siku baada ya siku. Upungufu wa damu na kukonda vinamalizia.

Na kupe mwenyewe? Yule mkubwa mwenye madoadoa mgongoni hupenda sehemu zenye ngozi laini: chuchu, kinena, pumbu. Mdomo wake ni mrefu na unachimba. Inua mkia wa fahali aliyeachwa bila dawa wakati wa mvua, utawaona wamejipanga kwenye mfuko wa korodani, na pembeni yao majeraha yenye usaha. Kidonda hicho kikivimba, joto linapanda pale pale pasipotakiwa joto. Mfugaji anayemwachia fahali wake kupe ili kuziokoa mbegu zake anazipoteza kwa njia nyingine, na kwa uhakika zaidi.

“Viuatilifu haviwezi kugusa uzazi wa dume. Hizo ni hadithi za kutisha watu.”
SI KWELI. Ushahidi ni wa zaidi ya miaka 70.

Tuanze na jogoo, kwa kuwa jogoo kila mtu anamjua. Mwaka 1950 watafiti wawili wa Marekani, Burlington na Lindeman, walichapisha matokeo ya kuwadunga DDT jogoo wachanga wa aina ya leghorn. Ndege hawakufa. Walikua. Lakini upanga wa kichwani ulibaki mfupi na uliofifia, ndevu nyekundu za kidevuni hazikujaa, na walipopasuliwa, korodani zao zilikuwa na wastani wa asilimia 18 tu ya ukubwa wa zile za wenzao ambao hawakudungwa. Upanga wa jogoo hukuzwa na homoni ya kiume. Ukiuona umesinyaa kwa ndege aliyefikia umri, unaitazama homoni yenyewe ikipungua.

DDT ilisambazwa duniani kwa miongo mingi baada ya hapo. Ikabidi kusubiri hadi 1995 ndipo jibu kamili likapatikana: DDT ikivunjika mwilini hubaki masalia yanayoitwa DDE, na masalia hayo hukaa kwenye kile kiti ambacho homoni ya kiume ilipaswa kukalia ndani ya seli. Homoni inakuja, inakuta nafasi imechukuliwa. Damu inaweza kuwa na homoni ya kutosha na bado mwili usiisikie.

Miaka hiyo hiyo, Ziwa Apopka huko Florida lilikuwa likitoa mfano wa porini. Mwaka 1980 kemikali ya dikofoli, iliyokuwa na DDT ndani yake, ilimwagika kutoka kiwandani ikaingia ziwani. Mwanabiolojia Louis Guillette alipowapima mamba wachanga wa ziwa lile, aliwakuta madume wenye homoni ya kiume kidogo kupita kiasi na uume mfupi kuliko wa mamba wa maziwa mengine.

Halafu kuna dawa ya magugu, atrazini, ambayo wakulima wa mahindi wanaifahamu. Wengi hudhani dawa ya magugu inahusu magugu tu. Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimfanyia kazi chura wa Kiafrika mwenye kucha, *Xenopus laevis*, ambaye jamaa zake wanaishi kwenye vinamasi vyetu vya ukanda wa Ziwa Viktoria. Mwaka 2010 alichapisha kwamba vyura dume waliolelewa kwenye maji yenye atrazini sehemu 2.5 tu kwa bilioni walipungukiwa homoni na mbegu, na mmoja kati ya kila kumi akageuka jike kamili: akapandwa na dume mwingine, akataga mayai, na mayai yakaangua. Kampuni inayoitengeneza ilipinga kazi ya Hayes kwa nguvu, na mamlaka ya mazingira ya Marekani nayo ilikuwa imesema mwaka 2007 kwamba atrazini haiathiri ukuaji wa viungo vya uzazi vya vyura. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaipiga marufuku, kwa sababu ya kuonekana kwenye maji ya ardhini. Kwa maoni yangu, ubishi ule haumpi mtu ruhusa ya kuoshea bomba la atrazini kwenye kidimbwi ambacho mbuzi wake wanakunywa.

Na asiyeamini kwamba habari za panya zinamhusu, asikilize hii. Mwaka 1961 ilichapishwa kwamba kemikali ya DBCP, iliyotumika kuua minyoo ya udongoni, inasinyaza korodani za panya. Iliendelea kutengenezwa na kuuzwa. Mwaka 1977, kwenye kiwanda kimoja cha Lathrop, California, wafanyakazi wanaume walianza kuambiana wakati wa mapumziko kwamba wake zao hawashiki mimba. Walipopimwa, wengi wakakutwa na mbegu chache sana, na wengine hawana hata moja. Wafanyakazi wa mashamba ya ndizi Amerika ya Kati walipata yale yale. Panya walikuwa wametoa taarifa miaka 16 kabla.

“Fahali anayepanda kwa nguvu, mbegu zake ni nzima.”
SI KWELI, na kosa hili ndilo linalodumu kuliko yote.

Korodani ina kazi mbili, na kazi hizo zinafanywa na seli tofauti. Seli zilizo kati ya vijirija hutengeneza testosteroni, ile homoni inayompa fahali shingo nene, sauti, hasira na hamu ya jike. Ndani ya vijirija ndimo mbegu zinamokuzwa. Sumu nyingi, na homa vilevile, huua mbegu zinazokua bila kuzigusa sana seli za homoni. Matokeo yake ni fahali mwenye kila dalili ya ufahali. Anawafukuza wenzake, anapanda, anamwaga, na majimaji yale hayana uhai.

Ukimwona wa namna hiyo utamsifu. Kisha jike linarudi kwenye joto baada ya siku 21, analipanda tena, linarudi tena, na mwisho linapelekwa mnadani kwa jina la utasa. Majike matatu manne yanaweza kuuzwa hivyo kabla ya mtu kumgeukia fahali.

Njia ya kujua ipo, na haihitaji hospitali. Daktari wa mifugo humfunga fahali kwenye kizuizi, akasimama nyuma yake, akashika mfuko wa korodani kwa mikono miwili na kuzishusha korodani taratibu. Anatafuta vitu vichache: je, zote mbili ziko na zinalingana? Je, zinateleza ndani ya mfuko bila kugandamana? Na zinapobonyezwa, je, zimekaza kiasi cha embe linaloanza kuiva, au zimelegea? Korodani iliyolegea, au iliyokuwa kubwa ikawa ndogo, ni habari mbaya hata kama fahali anapanda mara tano kwa siku. Iliyovimba, yenye joto na maumivu, ni ugonjwa, na mara nyingi ugonjwa huo ni brusela. Baada ya hapo ndipo shahawa huchukuliwa zikatazamwe kwenye hadubini.

“Kama dawa ingekuwa na madhara, ningeyaona wiki ile ile.”
SI KWELI.

Mbegu ya fahali huchukua siku kama 61 kutengenezwa, kisha siku nane hadi kumi na moja hivi kupita kwenye mirija ya kukomaa. Kwa kondoo dume ni takriban siku 47, kwa nguruwe dume 39. Mbegu zinazotoka leo zilianza safari miezi miwili iliyopita. Kwa hiyo anayetafuta chanzo cha tatizo aulize kilichotokea wakati huo: homa, sumu, njaa ya kiangazi, jeraha. Yule anayelaumu dawa ya wiki iliyopita karibu kila mara analaumu kitu kisichohusika.

“Dawa ni dawa. Ya nyanya pia inaua kupe.”
KWELI kwamba inaua kupe. Na hapa, tofauti na kwenye bomba la dawa ya kupe, hofu ya watu ni ndogo mno.

Kupe wa Uganda wamekuwa sugu. Utafiti uliofanywa magharibi na katikati ya nchi umewakuta kupe wasiotishika tena na dawa za jamii ya pareto, na mfugaji aliyenunua chupa mbili zisizofanya kazi anaanza kujaribu. Anachanganya dawa mbili. Anaongeza kipimo. Anakwenda duka la pembejeo akanunua dawa ya wadudu wa shambani kwa sababu ni kali na bei yake ni nafuu, akampaka ng’ombe. Au anapimiwa kwenye chupa ya soda kutoka debe lisilo na jina. Mpakani jambo hili ni jepesi zaidi, kwa kuwa chupa inaweza kusajiliwa upande mmoja na kukutwa ikiuzwa upande wa pili kwa maelezo ambayo mnunuzi hayasomi.

Dawa ya shamba haikupimwa kwa ngozi ya ng’ombe. Mafuta na viyeyusho vilivyomo vimewekwa ili ishike kwenye jani, na hivyo hivyo vinaweza kuivusha sumu ngozini. Nyingi ni za jamii ya klopirifosi, ambazo huzuia kimeng’enya cha mishipa ya fahamu. Mnyama hutokwa mate na machozi, hutetemeka, huharisha, na kwa panya dume dawa hizo zimepunguza mbegu na homoni. Baadhi ya dawa halali za kupe ni za jamii hiyo, lakini zilitengenezwa na kupimwa kwa mifugo, na kipimo chake kiko kwenye lebo. Kabendazimu, dawa ya ukungu ambayo imekuwa ikinyunyiziwa nyanya na maharage, ina tabia nyingine: kwa panya, dozi moja kubwa huziba vile vijimirija vinavyotoa mbegu kwenye korodani. Mbegu zinatengenezwa, hazipati njia, maji yanajaa nyuma, na mwishowe korodani inasinyaa.

Kama ningekuwa na pumzi ya kuonya kuhusu jambo moja tu Mella, ningeitumia hapa. Chupa yenye lebo ya dawa ya mifugo, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa ya Taifa upande wa Uganda au na vyombo vinavyosimamia dawa za mifugo na viuatilifu upande wa Kenya, imepimwa. Debe lisilo na lebo halijapimwa na yeyote, na hakuna mtaalamu atakayeweza kukuambia limemfanya nini fahali wako. Punda nao watazamwe: amitrazi, ambayo ng’ombe anaivumilia vizuri, huzuia matumbo ya punda na farasi kufanya kazi na inaweza kuwaua. Usimalizie mabaki ya bomba kwa punda.

“Ya mitishamba haina madhara.”
SI KWELI.

Pareto yenyewe ni mmea. Utupa, kichaka ambacho wazee walikiponda kulewesha samaki na wafugaji wengine hukitumia kwa kupe, huua samaki kwelikweli. Mwarobaini, unaosifiwa kwa kila jambo, umewapunguzia panya dume uwezo wa kuzalisha katika majaribio mengi, kiasi kwamba India waliutafiti kama dawa ya uzazi wa mpango. Hii haina maana kwamba mitishamba isitumike. Ina maana kwamba nayo ina kipimo.

“Ndama aliye tumboni amefichika, hawezi kudhurika.”
SI KWELI. Yeye ndiye dhaifu kuliko wote.

Udume hujengwa tumboni. Kuna kipindi kifupi cha mimba ambapo homoni ya kiume ya kijusi huamrisha viungo vijengeke, na kikipita hakirudi. Sumu inayozuia homoni hiyo kwa siku hizo chache inaweza kumwacha dume na korodani zisizoshuka au uume wenye kasoro, kwa dozi ambayo mama yake haimsumbui hata kidogo. Vinklozolini, dawa ya ukungu ya mizabibu, ilifanya hivyo kwa panya.

Hapo hapo lilizuka dai kubwa zaidi, kwamba madhara hurithiwa. Mwaka 2005 maabara ya Michael Skinner, Marekani, ilitangaza kwamba panya dume wa vizazi vinne baada ya mama aliyepewa vinklozolini walikuwa na mbegu dhaifu, bila wao kuguswa na dawa. Maabara nyingine zilijaribu kurudia na hazikupata matokeo hayo. Anayekuambia kwamba dawa ya leo itaharibu ukoo mzima wa ng’ombe wako anasema zaidi ya yanayojulikana. Lakini kuwaweka majike wenye mimba mbali na shamba lililonyunyiziwa jana, na mbali na maji ya kuoshea bomba, hakuhitaji kungoja ubishi huo uishe.

“Wa kuhofia ni ng’ombe, si anayenyunyizia.”
SI KWELI.

Ng’ombe hunyunyiziwa mmoja mmoja, aliyebeba bomba hunyunyizia wote. Bomba linavuja mgongoni, upepo unamrudishia usoni, anapima dawa kali kwa kifuniko kwa mikono mitupu, kisha anakula. Ngozi ya pumbu za mwanamume hupitisha kemikali kwa wepesi kuliko ngozi ya kiganja, na suruali iliyolowa ndiyo inayokaa hapo siku nzima. Huko Limpopo, Afrika Kusini, ambako nyumba zilipuliziwa DDT kuzuia malaria, vijana wa kiume 311 walipimwa, na waliokuwa na masalia mengi ya DDT mwilini walikuwa na mbegu dhaifu zaidi.

Watu wa Tororo watauliza kuhusu nyumba zao. Kampeni ya kupuliza kuta iliyoanza Desemba 2014 haikutumia DDT. Ilianza na bendiokabu, baadaye ikahamia Actellic, nazo hazikai mwilini miaka na miaka kama DDT. Malaria ilishuka sana katika wilaya iliyokuwa miongoni mwa zilizoumwa na mbu kuliko zote duniani. Kuwalinganisha wanaolala kwenye nyumba zilizopuliziwa na kijana anayevaa suruali iliyolowa dawa ya kupe kila Jumamosi si haki kwa kijana huyo. Glavu, buti, nguo ndefu na maji ya kuoga baada ya kazi ni haki yake kwa yeyote anayemtuma.

“Fahali akishaharibika mbegu, ndiyo basi. Chinja.”
INATEGEMEA.

Kama kilichokufa ni mbegu zinazokua, na zile seli mama zilizo ukutani mwa vijirija zimebaki, korodani huanza upya. Chanzo kikiondolewa, homa ikatibiwa, kupe wakadhibitiwa na malisho yakawa mazuri, shahawa huweza kurudi baada ya mzunguko mmoja au miwili. Kama seli mama zimekufa, au mirija imeziba, hakuna dawa. Kwa jicho huwezi kutofautisha hali hizi mbili, ni muda tu utakaoonyesha. Na kama ataishia kuchinjwa, zihesabiwe kwanza siku ambazo lebo inakataza nyama yake kuliwa baada ya dawa.

Kwa hiyo fahali anayeshukiwa atengwe na majike, atibiwe, korodani zake zishikwe na mtaalamu na vipimo viandikwe, kisha arudiwe baada ya siku 70. Wakati huo huo majike yaliyokuwa naye yapimwe brusela, na fahali mwenyewe pia, na kwa kuwa brusela hupitia kwenye maziwa, waliokunywa maziwa mabichi ya boma hilo wakiwa na homa isiyoisha waende zahanati waseme hivyo. Majibu hayo yapatikane kabla ya mtu kununua fahali mpya kutoka mnada wa Busia au Malaba na kumwingiza kwenye kundi lile lile.